Jirani na Uamuzi wa Mkulima

Mkulima wa Bunju, wilayani Kinondoni, au wa Mbagala, wilayani Temeke, aachapo mhogo na kupanda mchicha, hudhaniwa kuwa amefuata bei tu. Ni kweli kwamba mchicha huvunwa baada ya wiki 3 au 4, na mhogo huchukua miezi 9 au zaidi. Hata hivyo, faida hiyo peke yake haitoshi kumfanya aamue.

Kwanza, hutazama tuta la jirani. Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mahindi chotara miongoni mwa wakulima 259 wa Iowa, Marekani. Wengi walipata habari za mbegu hiyo kwa wauzaji, lakini waliowashawishi kuipanda ni majirani.

Pili, hufikiri juu ya ardhi. Kwa desturi ya pwani, mti wa kudumu kama mnazi ni dalili ya umiliki. Hivyo aliyeazimwa shamba kwa kawaida haruhusiwi kupanda minazi, hata akijua faida yake.

Tatu, hufikiri juu ya soko. Wachuuzi huenda penye bustani nyingi. Mkulima wa pekee huweza kukosa mnunuzi. Lakini wote wakivuna kwa pamoja, bei huanguka.

Basi mkulima anayesitasita asiitwe mvivu wala mjinga: anangoja ushahidi. Bwana shamba mwenye busara hatatosheka na hotuba. Ataanza na tuta moja kando ya njia, ambapo kila apitaye ataliona.