Mzee, Dawa Mbili Zataka Uangalifu

Mzee wa Koboko anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na ambaye safarini kwenda Arua humwomba dereva asimamishe gari, asidhani kwamba huo ni uzee tu. Huenda tezi dume imekua na kubana njia ya mkojo. Aende hospitali akapimwe, kwani saratani nayo huweza kuleta dalili hizo.

Daktari aweza kumpa dawa mbili pamoja. Doksazosini hulegeza misuli ya njia ya mkojo katika majuma machache; finasteridi hupunguza tezi yenyewe, lakini hutaka subira ya miezi sita au zaidi. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2003, wa wanaume 3,047, ulionyesha kwamba dawa hizo pamoja huzuia maradhi yasizidi kuliko moja peke yake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tahadhari. Doksazosini hushusha shinikizo la damu: mzee aketi kitandani kwanza ndipo asimame, na amtajie daktari dawa zote anazotumia. Mkazamwana mjamzito asishike vidonge vya finasteridi vilivyovunjika, visije vikamdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na mkojo ukiziba kabisa, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali upesi.