Ziwa la Alfajiri na Ukimya katika Liturujia

Mwaka 1841 mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner, akiwa na umri wa miaka 66, alikaa Lucerne nchini Uswisi akiutazama mlima Rigi ng'ambo ya ziwa. Mwaka uliofuata alikamilisha picha ya rangi za maji iitwayo The Blue Rigi, ambayo leo imo katika hazina ya makumbusho ya Tate, London. Ni miongoni mwa kazi bora za Uromantiki, mkondo wa sanaa uliomtaka mtu ayatazame maumbile kwa mshangao na uchaji.

Katika picha hiyo jua halijachomoza. Mlima umesimama kama kivuli cha buluu, maji yametulia, na Zuhura, nyota ya asubuhi, ingali inang'aa. Upande wa mbele, bata wanaruka kwa kushtuka na mbwa wanajitosa majini.

Twaweza kujiuliza: mwanga huo umechorwaje? Kwa sehemu kubwa, haukuchorwa. Rangi za maji ni nyembamba na hupitisha mwanga. Mwanga huo hufikia weupe wa karatasi, kisha hurudi machoni petu. Mahali penye nuru zaidi ni pale brashi ilipopita kwa uchache. Mchoraji akizidisha rangi, nuru huzimika, naye hana budi kuifuta au kuikwangua rangi hiyo ili karatasi ionekane tena.

Kitabu cha Hekima, sura ya 13, hutufundisha kwamba uzuri wa viumbe humwelekeza mwanadamu kwa Muumba, nacho huwalaumu wanaoishia katika viumbe. Basi, nasi tusiishie kwenye picha. Mara nyingi twaadhimisha Misa kana kwamba neema hutokana na wingi wa sauti zetu. Baada ya Komunyo wimbo hufuata wimbo, kisha matangazo. Na mwamini aliyekuja na msiba moyoni hapati hata dakika moja ya kuwa peke yake na Bwana wake.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio Sacrosanctum Concilium, namba 30, uliagiza ukimya mtakatifu utunzwe kwa wakati wake. Katika sala, ukimya huo hufanya kazi ya karatasi nyeupe: ndimo inamopita nuru isiyotoka kwetu. Sisi mapadre tuwe wa kwanza kuketi na kunyamaza baada ya kukomunisha. Kwaya na waamini watatufuata.