Kijimche Kilichomo Ndani ya Mbegu

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mwajua yaliyotupata ofisini mwaka jana. Tuliletewa pakacha la matunda ya mkarafuu yaliyoiva vyema, tukayamenya, tukazianika mbegu kivulini, tukazitia mfukoni zingojee kitalu ambacho kilikuwa hakijatengenezwa. Zikangoja wiki tatu. Hapakuota hata mche mmoja, na waliokuja kuchukua miche wakarudi mikono mitupu. Kosa lilikuwa letu, wala hatumsingizii mtu.

Tulilikumbuka jambo hilo tulipokwenda Shinyanga, kata ya Kambarage, kwa jamaa zetu walimao pamba nje ya mji. Mwenyeji wetu alitufungulia gunia la mbegu za msimu uliopita, kavu kabisa, zenye manyoya mafupi, akasema atazipanda mvua za Novemba zikishuka. Tukamwambia, "Mzee wangu, kwetu mbegu ikikaa hivi ni maiti." Alicheka, akadhani twamtania.

Tulipasua moja kwa kisu. Ndani mlikuwa na mche mzima: mzizi mdogo, na majani mawili yenye vitone vyeusi, yamekunjwa-kunjwa kama kanga sandukuni. Sisi wakulima wa karafuu hatuyaoni haya mara kwa mara, kwa kuwa twachuma tumba kabla ua halijafunguka, na mbegu haipati nafasi ya kufanyika.

Kijimche hicho, ambacho wataalamu hukiita kiinitete, huanza kwa seli moja. Huwa mbili, nne, nane, kisha hufanya donge la mviringo, kisha umbo la moyo, ndipo majani ya kwanza yakaonekana. Kazi ya kuweka akiba ya mafuta na chakula huja mwishoni. Lakini kila seli inayo maagizo yote tangu siku ya kwanza, ya mwanzo na ya mwisho. Basi ni nani azuiaye ya mwisho yasitangulie?

Jibu moja lilianzia kwenye mnyoo. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walieleza habari za uzi mfupi mno ndani ya mnyoo mdogo, uzi ambao hauagizi kitu kitengenezwe bali huzuia. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Nyuzi hizo huitwa maikro-RNA, na katika mimea huwa na urefu wa herufi 21 hivi. Nasi tulio makatibu twaweza kuzifahamu upesi: maagizo ya seli hutoka makao makuu kwa nakala, kama barua, na maikro-RNA huishika ile barua inayolingana nayo, ikachanwa kabla haijasomwa.

Mwaka 2010 Michael Nodine na David Bartel, huko huko Marekani, walichunguza viinitete vya Arabidopsis, kijani kidogo cha jamaa ya haradali, ambavyo vilikosa DCL1, yaani mkasi wa kukatia nyuzi hizo. Vilipofika seli nane tu mambo yalikwisha kuharibika. Jeni mbili, SPL10 na SPL11, ambazo kwa kawaida huzuiwa na maikro-RNA iitwayo miR156, zilikuwa zimepanda mno, na maagizo ya kukomaa yalikuwa yameanza kusomwa kabla ya wakati wake. Viinitete hivyo husimama vingali donge. Ni kama mtoto aliyeingia chuoni leo, hajaijua alifu wala be, akapewa msahafu asome. Mwalimu mwenye akili humzuia, na kumzuia huko ndiko kumfundisha.

Msije mkasema kuwa maikro-RNA ndizo zilizoua mbegu zetu. Zilizoziua ni kungoja kwetu. Mbegu ya pamba, ikiisha kukomaa, hupita daraja moja zaidi: hukauka ikalala, na kijimche chake hungoja mvua. Ya mkarafuu hailali. Hutoka tundani na maji yake, tayari kuota, na ikikaushwa hufa. Mzee wa Kambarage anayo miezi. Sisi tunazo siku.

Kwa hiyo kitalu mwaka huu kimetengenezwa kwanza, na kivuli cha makuti kimekwisha wekwa. Wenye mikarafuu mizuri na wauache mti mmoja au tawi moja lisichumwe, maua yafunguke na matunda yaive mpaka yawe ya zambarau iliyokoza. Yaleteni siku ile ile ya kuyaokota, msiyamenye, msiyaanike. Sisi tutayaroweka, tutayamenya na kuzipanda mbegu wiki hiyo hiyo, upande wa mzizi ukielekea chini. Matunda yatapokewa ofisini kila asubuhi, hata Ijumaa, mpaka saa nne.

Katibu