Usugu wa dawa husafiri na mgonjwa

Mgonjwa akizidiwa Nakivale, na kituo cha afya kikishindwa kumtibu, hupewa rufaa, na safari ya wengi huishia Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Makazi haya ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, yalifunguliwa mwaka 1958, na leo yana watu zaidi ya 100,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda.

Kabla ya rufaa, wengi wamekwisha kupitia duka la dawa. Mama hununua vidonge vinne au sita vya antibiotiki, vile vya rangi mbili, kwa kadiri ya pesa aliyo nayo. Homa ya mtoto ikishuka, vilivyobaki hufungwa kwenye karatasi vimsubiri mwingine. Simlaumu, siku ya foleni kituoni ni siku ya kukosa kibarua. Lakini dozi nusu huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu.

Wodini ndiko mambo yanakoharibika zaidi. Muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi. Anagusa mpira wa mkojo wa huyu, anashika chuma cha kitanda, anamtundikia dripu yule. Ndugu nao husaidiana kuinua, kuosha na kulisha. Bakteria kama Klebsiella hupita mikononi humo, na huweza kumgawia bakteria wa aina nyingine kabisa kipande cha vinasaba chenye usugu. Ndiyo maana seftriaksoni, sindano iliyozoeleka hospitalini kote Uganda, inazidi kushindwa. Watafiti katika hospitali za Mbarara na Mulago wamekwisha kukuta bakteria wanaovunja hata karbapenemu, dawa za akiba kwa wagonjwa mahututi, ambazo familia nyingi haziwezi kuzinunua. Duniani, mwaka 2019, maambukizi sugu yaliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27.

Kisha mgonjwa anapona na kurudi Nakivale. Hana homa, anatembea, ila tumboni anaweza kubeba bakteria sugu kwa miezi. Akilazwa hospitali nyingine, nani atajua? Majibu ya maabara ya kuotesha vimelea yaandikwe kwenye barua ya rufaa na kwenye karatasi ya kuruhusiwa, yaende naye popote. Hospitali ziweke spiriti ya mikono kwenye kila kitanda, si mlangoni tu. Na wewe unayemuuguza ndugu yako, nawa kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa, na usimnunulie antibiotiki ambayo hakuandikiwa.