MLIMA HANANG: PANDA, ZUNGUKA, URUDI SALAMA

Ukisimama pale Katesh ukainua macho, mlima unaouona mbele yako ni Hanang. Kilele chake kina urefu wa mita zipatazo 3,420 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Katesh uko kwenye mita kama 1,700. Haya, tufanye hesabu kidogo: 3,420 toa 1,700. Jibu ni 1,720. Kwa hiyo mtu anayetoka Katesh asubuhi kwenda kileleni anapanda zaidi ya mita 1,700 kwenda juu, kisha anazishuka zote siku hiyo hiyo. Si mchezo.

Wageni huja kuupanda mlima huu, na vijana wetu huwaongoza na kuwabebea mizigo. Wabarabaig wanauheshimu tangu enzi za mababu. Lakini wako wanaouona kila siku wakasema, "Ah, kilima tu hiki!" Hao ndio hupata shida. Tueleze basi safari ilivyo na mambo ya kujihadhari nayo.

Kabla ya kuondoka

1. Pata kibali. Msitu wa mlima ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ulizia Katesh, ulipe inavyotakiwa, upewe kiongozi anayeijua njia.

2. Chagua majira. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha njia huteleza kama sabuni, na makorongo huwa ya hatari.

3. Beba maji. Upande wa Katesh usitegemee kupata maji njiani. Kila mtu achukue lita 3 hadi 4.

4. Beba nguo ya joto. Ukipanda mita 1,000, baridi huongezeka kwa nyuzi kama 6. Hivyo kileleni kunaweza kuwa na baridi zaidi ya Katesh kwa nyuzi 10, na upepo juu yake.

5. Aga nyumbani. Waambie unapita njia gani na utarudi saa ngapi.

Njia ilivyo

Watu wengi hupitia Jorodom. Huanza safari kabla jua halijachomoza, maana kwenda na kurudi huchukua saa 10 hadi 12. Kwanza unapita mashamba, halafu unaingia msituni. Hapo ni kupanda tu, hakuna tambarare ya kupumzikia miguu. Msitu ukiisha unatokea mahali peupe penye majani na vichaka vifupi. Hakuna mti wa kukukinga na jua wala upepo.

Kisha unafika kwenye mgongo wa mlima. Wengi hukata tamaa hapa. Unaona kilele mbele, unajikaza, unafika, kumbe siyo chenyewe! Kingine kiko mbele yake. Unashuka kidogo, unapanda tena. Mgongo ni mwembamba na pembeni kuna mteremko mkali, kwa hiyo usitembee huku ukitazama mbali. Ukitaka kutazama, simama kwanza. Kukiwa hakuna ukungu utaliona Ziwa Balangida upande wa kaskazini, lile la chumvi, na nchi ya Basotu yenye mashamba ya ngano upande wa magharibi.

Ukiumwa kichwa sana au ukitapika, usijitie ushujaa. Huko juu hewa ni nyepesi. Dawa yake ni kushuka.

Wengi hurudi kwa njia waliyopandia. Anayetaka kuzunguka hushuka upande mwingine pamoja na kiongozi, kisha hurudi Katesh kwa kupita chini ya mlima. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Wakati wa kushuka magoti yamechoka na akili iko nyumbani. Na huko chini ndiko kwenye makorongo.

Korongo si njia tu

Kuna watu hulitumia korongo kama barabara, au hupumzika ndani yake kwa sababu ya kivuli. Lakini jiulize: korongo lilichimbwa na nani? Lilichimbwa na maji. Hata likiwa kavu miaka mingi, bado ni njia ya maji.

Tulifundishwa jambo hili kwa uchungu. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata mikondo hadi Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Nyumba na mali nyingi zilisombwa.

Wengine walidhani mlima umelipuka, kwa sababu Hanang ulitokana na volkano ya zamani. Wataalamu walichunguza wakasema haikuwa volkano wala tetemeko. Miamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikawa mizito, ikashindwa kujishikilia kwenye mteremko. Tope la namna hiyo ni zito kuliko maji, ndiyo maana huweza kubeba mawe makubwa.

Alama za hatari

- Maji ya mto yanageuka tope ghafla.
- Maji yanapungua ghafla huku mvua inanyesha. Huenda yamezibwa huko juu, na yatakuja kwa pamoja.
- Unasikia mngurumo kama wa malori mengi.
- Ardhi ina nyufa mpya, au miti iliyokuwa wima imeinama.

Ukiona alama hizi, usikimbie kufuata korongo kwenda chini, maana tope lina mbio kuliko wewe. Kimbilia pembeni, upande ulioinuka. Usirudi kuchukua mzigo. Ukisha kuwa salama, toa taarifa upesi kwa wa chini yako na kwa uongozi wa kijiji.

Wakati wa mvua usilale ndani ya korongo wala mdomoni mwake. Na ukitaka kujenga nyumba, shika neno hilo hilo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini korongo kavu ni hatari?
2. Mlima ulimeguka kwa sababu gani mwaka 2023?
3. Tope likija usiku kijijini kwenu, mtakimbilia wapi? Nendeni mkapaangalie mchana, mkiwa na watoto.