Dramu-Meja na Mwalimu Wake

Katika sikukuu za taifa kama Madaraka na Jamhuri, watu wanaohudhuria gwaride humwona mtu mmoja kabla ya kuiona bendi yenyewe. Mtu huyo hutembea peke yake mbele ya safu, kifua wazi, na mkononi ameshika fimbo ndefu yenye kichwa cha madini king'aacho. Hapigi tarumbeta wala ngoma, wala hasemi na watu. Lakini akitoa ishara kwa fimbo yake, wapigaji makumi huanza kupiga kwa pamoja. Na akitoa ishara nyingine, wote hunyamaza mara moja. Huyo ndiye aitwaye dramu-meja.

Watoto humwangalia na kutamani kuwa kama yeye. Baadhi ya watu wazima hudhani kwamba kazi yake ni kujipamba tu na kuizungusha fimbo ili kuwafurahisha watazamaji. Dhana hiyo si ya kweli. Kazi ya dramu-meja ina elimu yake, na elimu hiyo ina walimu wake, ijapokuwa walimu hao hawaonekani siku ya sherehe. Yafaa kueleza wanafundisha nini, na kwa nini kazi yao si ndogo.

ASILI YA CHEO HICHO

Cheo cha dramu-meja kilianza katika majeshi ya Ulaya, na katika jeshi la Uingereza kilijulikana tangu karne ya 17. Siku zile ngoma haikuwa ya kupamba gwaride tu. Katika vita, sauti ya mkuu wa jeshi haikuweza kuwafikia askari wote, kwa hiyo amri zilipelekwa kwa mlio wa ngoma. Kulikuwa na mlio wa kusonga mbele, mlio wa kurudi nyuma, na mlio wa kukusanyika. Mpiga ngoma akikosea, askari wangeweza kwenda upande usiofaa na kupoteza maisha yao. Ndiyo maana alitakiwa mtu mmoja wa kuwafunza wapiga ngoma na kuwatunza katika nidhamu. Basi hapo mwanzo dramu-meja mwenyewe ndiye aliyekuwa mwalimu.

Desturi hiyo ilifika Afrika ya Mashariki pamoja na majeshi ya kigeni. Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wengi waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902, nalo lilikuwa na bendi zake. Watu wa pwani waliipenda sana namna hiyo ya gwaride, hata wakaunda ngoma yao iitwayo beni, ambayo jina lake limetoka katika neno la Kiingereza la bendi. Katika miji ya Mombasa na Lamu vyama vya beni vilishindana kwa sare, kwa vyeo na kwa mwendo wa kijeshi. Wazee wa pwani walitambua mapema kwamba kundi lisilo na kiongozi mwenye madaha na nidhamu halipendezi, hata likiwa na vyombo vizuri.

KWA NINI BENDI HAIWEZI KUJIONGOZA KWA MASIKIO

Mtu aweza kuuliza: ikiwa wapigaji wote wana masikio, kwa nini wasifuate mlio wa ngoma kuu tu? Jibu lake ni la hesabu. Sauti husafiri katika hewa kiasi cha mita 340 kwa kila sekunde moja. Bendi itembeayo mwendo wa kawaida wa kijeshi hupiga hatua 120 kwa dakika, yaani kila hatua huchukua nusu ya sekunde. Sasa tuseme bendi imetawanyika uwanjani, na mpiga tarumbeta yuko mita 50 mbali na ngoma. Mlio wa ngoma utamfikia baada ya sehemu saba hivi za sekunde kupita ikiwa sekunde imegawanywa mara hamsini, yaani karibu theluthi moja ya muda wa hatua. Yeye akingoja kusikia ndipo apige, atakuwa amechelewa, na sauti yake itachelewa tena kumfikia mtazamaji. Watu wa namna hiyo wakiwa wengi, muziki huvurugika.

Lakini mwanga hausumbuliwi na umbali huo. Mkono wa kiongozi ukishuka, watu wote uwanjani huuona wakati ule ule. Kwa sababu hiyo, somo la kwanza la wapigaji ni kuamini macho kuliko masikio, na somo la kwanza la dramu-meja ni kuufanya mkono wake ustahili kuaminiwa.

NJIA MBILI ZA KUONGOZA

Kuna njia mbili kubwa za kazi hiyo, na walimu wake hutofautiana kidogo.

Ya kwanza ni ile ya Kiingereza, ambayo ndiyo ijulikanayo zaidi katika Kenya. Dramu-meja wa namna hii hutangulia mbele na kuipa bendi mgongo. Hawezi kuwaona watu wake, huwasikia tu. Mwalimu humfundisha kupiga hatua za urefu mmoja, kwa kawaida inchi 30, bila kuangalia chini. Akirefusha hatua zake kidogo tu, safu ya mbele itajinyosha, na walio nyuma watalazimika kukimbia huku wakiwa na vyombo midomoni. Hufundishwa pia kugeuza bendi nzima. Yeye hugeuka nyuma na kupita katikati ya safu, na kila safu ikifika pale alipogeukia nayo hugeuka na kumfuata, bila mtu kugongana na mwenzake. Ishara zote hizo hutolewa kwa fimbo. Fimbo ikiinuliwa kwa uvivu, mtu wa safu ya mwisho hataiona. Ikiinuliwa kabla ya wakati wake, wimbo utakatika vibaya.

Njia ya pili ni ile ya Marekani. Huko shule za sekondari na vyuo vingi huwa na bendi kubwa, nazo hucheza uwanjani wakati wa mapumziko ya mchezo wa mpira wa Kimarekani. Dramu-meja mara nyingi husimama juu ya jukwaa na kuielekea bendi uso kwa uso, akiiongoza kwa mikono. Tena yeye si askari. Ni mwanafunzi kama wenzake. Leo anaongoza, na kesho asubuhi ameketi nao darasani. Jambo hilo huifanya kazi ya mwalimu wake kuwa ngumu zaidi, kwa maana amri ya kijana mwenye umri wa miaka 17 haina nguvu ya sheria. Wenzake watamfuata kwa kumheshimu tu.

KAZI YA BW. PARKS

Miongoni mwa walimu waliojulikana sana katika kazi hii ni Bw. George N. Parks wa Marekani. Alipokuwa kijana, yeye mwenyewe alikuwa dramu-meja. Katika mwaka 1977 alianza kazi ya kuongoza bendi ya Chuo Kikuu cha Massachusetts katika mji wa Amherst, na mwaka uliofuata, 1978, akaanzisha mafunzo ya madramu-meja wa shule za sekondari. Wakati wa likizo ya kiangazi vijana kutoka shule mbalimbali walikusanyika kwa siku chache, wakafunzwa, kisha wakarudi kwao kuongoza bendi zao.

Bw. Parks hakuanza kwa mikono wala kwa fimbo. Alianza kwa kusimama. Vijana walifundishwa kukagua mwili wao kutoka chini kwenda juu: miguu iwe pamoja, tumbo liingie ndani, kifua kitoke, mabega yarudi nyuma, viwiko vitulie, kidevu kiinuke. Mwisho wa yote yalikuja macho, nayo yalitakiwa kuonyesha fahari. Mwalimu alitaja kiungo, na vijana wote wakajibu kwa sauti kuu jinsi kiungo hicho kinavyotakiwa kuwa. Kwa mgeni mambo hayo yangeweza kuonekana kama mchezo. Lakini sababu yake ni wazi. Bendi humtazama kiongozi wake kabla hajafanya lolote. Akisimama kwa hofu, hofu hiyo huwaingia wote, na akisimama imara nao hutulia.

Baada ya kusimama huja mikono. Mwanafunzi hufundishwa kupiga mapigo hewani kana kwamba mbele yake kuna meza, na kila pigo liiguse meza hiyo mahali pale pale. Mkono ukielea elea, wapigaji hawajui pigo limeangukia wapi. Hufundishwa pia pigo la kutayarisha, ambalo huja kabla ya wimbo kuanza. Watazamaji hawalijali pigo hilo, lakini wapiga tarumbeta huvuta pumzi pamoja nalo, na katika pumzi hiyo hujua wimbo utakwenda mbio au polepole. Kiongozi akikosea pigo hilo moja, bendi imekwisha kukosea kabla ya kutoa sauti.

Sehemu ya tatu ya mafunzo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, nayo haihusu muziki. Ni namna ya kuongoza watu. Kijana aliyechaguliwa kuwa dramu-meja mara nyingi ni mpigaji hodari, na wahodari wengi hukosa subira kwa wenzao wanaokwenda polepole. Mwalimu mwema humwonyesha kwamba kumkemea mtu mbele ya wote hakumfanyi apige vizuri zaidi. Humfundisha kuitaja kasoro bila kumdharau mwenye kasoro, kuwahi uwanjani kabla ya wengine, na kusaidia kubeba vyombo ijapokuwa cheo chake ni kikubwa. Kwani wenzake wakiisha kumwona akifanya kazi ya chini bila kunung'unika, hawatauliza kwa nini anawaamuru.

SIKU YA KUPIMWA

Thamani ya mafunzo hayo ilionekana katika mwezi wa Septemba 2010, kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Bendi ya chuo, yenye vijana zaidi ya 300, ilikuwa safarini kutoka Massachusetts kwenda mji wa Ann Arbor katika jimbo la Michigan, mahali ambapo timu ya chuo chao ilikuwa na mchezo. Alhamisi tarehe 16 walisimama njiani katika jimbo la Ohio, wakacheza jioni katika shule moja ya sekondari ya mji wa Cuyahoga Falls. Baada ya maonyesho hayo Bw. Parks alishikwa na ugonjwa wa moyo, akafariki dunia usiku ule. Umri wake ulikuwa miaka 57.

Vijana hao walikuwa mbali na kwao, na mtu aliyewafundisha hayupo tena. Wangeweza kugeuza mabasi na kurudi, na hakuna mtu ambaye angewalaumu. Lakini walikwenda mbele. Jumamosi tarehe 18 waliingia katika uwanja wa Michigan mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000, wakasimama kama walivyofundishwa, wakacheza. Walimu wengine wa bendi walikuwa pamoja nao, na madramu-meja wao, ambao walikuwa wanafunzi wenzao, walikuwa mahali pao.

Mafunzo aliyoyaanzisha nayo hayakufa. Yaliendelea kila mwaka kwa jina lake, na wafundishaji wake wamekuwa walimu wa muziki pamoja na vijana waliowahi kupita katika mafunzo hayo hayo. Mwaka 2011 jengo la bendi pale Amherst lilifunguliwa, nalo likapewa jina lake.

FUNZO LAKE

Mwalimu wa dramu-meja ana kazi ya namna ya pekee. Seremala humfundisha mwanagenzi kisha huendelea kufanya kazi kando yake. Mwalimu huyu hawezi kufanya hivyo. Gwaride likianza, lazima akae pembeni, asiguse fimbo wala asipaze sauti. Yote aliyonayo ya kumsaidia mwanafunzi wake yawe yamekwisha ingia katika miguu, mikono na moyo wa mwanafunzi huyo. Kilichosahauliwa hakiwezi kuongezwa tena.

Kwa hiyo, siku nyingine msomaji atakapoiona bendi ikipita barabarani au uwanjani, na aone yule wa mbele akitembea bila wasiwasi huku watu wote wakimfuata, na akumbuke kwamba ziko saa nyingi za mazoezi nyuma ya hatua hizo. Tena huenda katika umati kuna mtu mmoja aliyevaa nguo za kawaida, ambaye hapigi makofi kwa sababu anahesabu mapigo. Bendi ikifika mwisho wa njia bila kosa, hakuna atakayemtaja, naye atakwenda zake akiwa ameridhika.