Dinari ya Kaisari na Mizani ya Sonara

Sisi watu wa Mbugani, hapa Kyela, mizani twaijua. Mpunga wetu na kakao yetu hupita juu yake kila msimu. Lakini siku moja, baada ya sala ya alasiri, alitujia mwanafunzi wetu wa zamani, mkononi ana sarafu ya manjano yenye uso wa mfalme. Mwenye kuiuza alimwambia kuwa ni dhahabu ya makaisari wa Rumi. Kijana alikuwa tayari kutoa fedha zote za mpunga wake, nazo ndizo karo ya watoto. Tukamwambia, "Mwanetu, usiuulize ulimi wa muuzaji, iulize sarafu yenyewe."

Swali la kwanza ni uzito. Zama za Augustus sarafu ya dhahabu ilikuwa na karibu gramu 8. Constantine, mwanzoni mwa karne ya 4, akatoa nyepesi zaidi, ya gramu 4.5 hivi. Dhahabu ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko shaba ya manjano. Basi sarafu ya shaba yenye umbo lile lile haifiki nusu ya uzito huo.

La pili ni ukingo. Warumi waligonga sarafu hizo kwa nyundo baina ya mihuri miwili. Ukiona mshono ukingoni, shuku kuwa imemiminwa katika kalibu.

La tatu ni maandishi. Sarafu ya Rumi hutaja jina na cheo cha Kaisari, wala haina mwaka wa Masihi. Nyingi za baada ya Constantine zina herufi CONOB: CON ni mji wa Konstantinopoli, na OB ni dhahabu safi.

Neno dinari nalo asili yake ni denarius, sarafu ya fedha ya Warumi. Lakini Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, mwaka 77 Hijria (696–697), alitoa dinari isiyo na sura ya mfalme, yenye maneno ya dini na mwaka wa kupigwa kwake. Kwa sababu hiyo dinari ya Kiislamu husomeka kama barua. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi.

Kijana wetu alikwenda kwa sonara. Mizani ilisema gramu 2, na ukingoni palikuwa na mshono. Akairudisha sarafu, na karo ikalipwa.

Je, ingekuwa ya kweli, tena imechimbuliwa katika ardhi yetu? Hapo pia isingefaa kuuzwa kwa siri, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu vya namna hiyo. Enyi vijana, pimeni kwanza, ndipo mfungue mkoba.